Kura Thelathini na Nane za Bweni la Kirimiri

Risala ya wanafunzi wa Shule ya Upili ya Wasichana ya Rwanguru, siku ya kufunguliwa rasmi kwa tangi la maji. Msomaji: Mukami, Kidato cha Tatu, Bweni la Kirimiri.

Mgeni rasmi, Mheshimiwa Kivuti Nyaga, Mwenyekiti wa Bodi ya shule yetu na kiongozi wa chama cha siasa, Mwalimu Mkuu, Naibu wake, Mwalimu Marete, walimu wote, wazazi mliofika, wapishi wetu, ambao harufu ya kazi yenu imetangulia salamu zetu, na wanafunzi wenzetu:

Sisi wasichana mia sita na wanne wa Rwanguru tunasimama mbele yako tukiwa tumeoga. Tunalitaja jambo hili mapema kwa sababu si la kila siku, na tusingependa lipite bila kuonekana.

MAKARIBISHO

Karibu Rwanguru, mgeni rasmi. Umepita hapa mara nyingi, maana barabara iendayo Mto Thuci ni hii yetu, lakini ulikuwa unapita na vipaza sauti, na sisi tulikuwa darasani tukijifanya hatusikii. Leo umesimama. Tunashukuru.

Magazeti hutufikia yakiwa yamefungia mandazi. Ndivyo tulivyosoma, muhula uliopita, juu ya mkutano wako wa Kianjokoma. Uliwauliza watu hivi: "Chama chetu kina neno 'Kitaifa' kwenye jina lake. Mbona hakivuki Mto Thuci?" Gazeti lilisema watu walicheka. Sisi hatukucheka. Tulicheka kidogo tu, mwalimu wa zamu akatunyamazisha. Halafu tukakikata kile kipande, tukakipangusa mafuta ya mandazi, tukakibandika ukutani kwenye chumba cha kulia, kwa kuwa swali lako lilikuwa swali letu pia.

Mheshimiwa, jibu tunalo. Hatukulipata vitabuni. Tulilipata kwenye foleni ya ndoo, na aliyetuonyesha ni mwenzetu mmoja aitwaye Gatakaa, wa Kidato cha Nne, mzaliwa wa Mikinduri kule Tigania. Hayupo mbele yako hapa. Ameketi kwenye benchi la nje ya ofisi, ambapo anasikia bila kuonekana. Bodi yako itakutana baada ya chakula cha mchana kuamua kama atabaki shuleni au atapelekwa nyumbani mpaka siku ya mtihani. Tunaomba utusikilize kabla ya chakula hicho. Wapishi, tafadhali ufunikeni wali.

HISTORIA YA SHULE NA YA VYAMA VYAKE

Shule yetu iko upande wa Embu, lakini mto unaotutenga na upande wa Meru uko karibu kiasi kwamba mpira wetu wa wavu umewahi kupotelea kaunti nyingine. Karibu nusu yetu tunatoka Embu na nusu tunatoka Meru. Tuna mabweni manne: Kirimiri, Kiang'ombe, Imenti na Nyambene. Ukisikia majina hayo, huhitaji kuuliza nani analala wapi. Wa Kianjokoma na Runyenjes wako Kirimiri. Wa Siakago na Ishiara wako Kiang'ombe. Wa Nkubu wako Imenti. Wa Mikinduri na Maua wako Nyambene.

Hili halikupangwa na mtu mbaya. Miaka mingi iliyopita, mwalimu wa mabweni alichoshwa na siku ya kufunga shule, masanduku ya wasichana wa Maua yakipakiwa kwenye gari la Siakago. Akaamuru kila msichana alale kulingana na gari linalomrudisha nyumbani. Hakuwa na nia nyingine. Alitaka masanduku yafike.

Masanduku yakafika. Lakini kila bweni lilikuwa na tangi lake dogo la maji, na kiranja wake mwenye ufunguo. Kila kitu ambacho msichana alikihitaji kwa siku kilikuwa mikononi mwa mtu wa bweni lake, anayezungumza kama mama yake. Basi kila bweni likaunda chama. Nyambene wakawa na Chama cha Kitita, kwa heshima ya vitita vya miraa vinavyolipa karo zao. Kirimiri wakawa na Chama cha Majani Chai. Kiang'ombe, Ndengu. Imenti, Ndizi. Mtaalamu wa siasa angetutazama akaandika kwamba wasichana hawa wana ukabila. Labda. Sisi tunadhani tulikuwa na kiu, na ufunguo ulikuwa karibu na kitanda.

Rais wa wanafunzi alikuwepo pia, lakini kazi yake ilikuwa kusoma matangazo na kumvisha mgeni shada la maua. Katiba yetu inasema rais lazima awashinde wenzake kwa kura za shule nzima, na tena apate angalau robo ya kura katika mabweni matatu kati ya manne. Hakuna aliyewahi kufikisha. Kila mwaka kila chama kilikomba bweni lake na kuambulia mbili tatu kwingineko, na Mwalimu Marete alimteua mwenye mwandiko mzuri. Mwaka jana alimteua Linda, wa Imenti. Mwandiko wake ni mzuri kweli. Risala hii ameinakili yeye.

MAFANIKIO

Mafanikio yetu makubwa ni tangi hili ulilokuja kulifungua, ingawa tumelitumia tangu Januari. Yale madogo manne yalikuwa yameoza kwa kutu. Hili ni moja, la saruji, lenye mfereji mmoja na kufuli moja. Mwalimu Mkuu alibandika karatasi kwenye ubao wa matangazo: ufunguo utakaa na rais wa wanafunzi, na muda wake ukiisha ataukabidhi kwa mrithi aliyechaguliwa. Tulilisoma sana lile neno. Aliyechaguliwa.

Siku hiyo kazi ya kusoma matangazo ikawa kazi kubwa kuliko zote Rwanguru.

Linda akapanga ratiba ya maji ya saa kumi na moja jioni. Imenti kwanza, kisha Nyambene, kisha Kiang'ombe, mwisho Kirimiri. Anasema alipanga kwa ukaribu na tangi. Tumepima kwa hatua, ni kweli. Ni kweli pia kwamba kengele ya chakula hulia saa kumi na mbili, na kwamba Kirimiri walikuwa wakifika mferejini dakika kumi kabla yake. Linda ameketi hapa na ameturuhusu tuseme hivyo.

Uchaguzi ulipokaribia, vyama vinne vilitoa wagombea wanne, na wote wanne walikuwa na ahadi moja: maji kwetu kwanza. Mgombea wa Kitita alikuwa Gatakaa.

Tusimpake sukari. Gatakaa hakuanza kwa huruma. Alianza kwa hesabu, nyuma ya daftari la Bayolojia. Nyambene peke yake haimfikishi popote. Imenti wanamjua, maana lugha ni moja na ndugu zake wengine wameolewa huko. Lilibaki bweni la tatu, na la tatu lazima litoke Embu. Alilitazama lile daftari kipindi kizima cha moyo wa chura, kisha akamgeukia Lenah, rafiki yake wa kitanda cha chini.

"Jumapili naenda Kirimiri," akasema.

"Kufanya nini?"

"Kuomba kura."

Lenah alicheka hadi mwalimu akauliza chura ana nini. "Wewe Gatakaa! Hata kuwasalimu hujui. Utafika pale useme nini?"

Gatakaa aliliona hilo. Siku tatu alizunguka jikoni akijifunza Kiembu kwa Mama Nthiga, mpishi wetu wa ugali, neno kwa neno, akilipa kwa kumenya viazi. Jumapili baada ya ibada akachukua ndoo yake ya manjano, ili aonekane mtu wa kazi, akasimama kwenye mlango wa Kirimiri.

"Hodi."

"Umepotea," alisema Sheila, aliyekuwa akisuka nywele za mwenzake. "Nyambene ni kule chini."

"Sijapotea. Nimekuja kwenu."

"Ehe! Wasichana, amkeni! Kitita kimevuka mto!"

Bweni zima likakaa kwenye kingo za vitanda. Gatakaa aliwasalimu kwa Kiembu, na salamu ikaenda vizuri. Akasema jina lake, likaenda vizuri. Kisha akafika kwenye ahadi, na pale ulimi ukamkimbilia nyumbani. Kwa Kiembu maji ni manji. Mama Nthiga alikuwa amemrudishia neno hilo mara kumi. Kwa Kimeru maji ni ruuji. Alisema kwa sauti kubwa, mkono juu, kwamba akichaguliwa atawaletea ruuji hapa mlangoni kila siku ya Mungu.

Kwao Mikinduri hayo ni maji tu. Kwenye masikio ya Kianjokoma neno hilo liliingia likiwa mto.

Kisha kutoka kitanda cha juu kabisa, Mukami, huyu huyu anayekusomea, akainua kichwa. "Mto? Unatuletea mto hapa mlangoni?"

"Na daraja atajenga nani?" akauliza mwingine.

"Mimi nitapewa samaki?"

"Mimi nataka mamba mmoja tu. Nimtume Imenti."

Walicheka hadi kitanda kimoja kikavunjika, na hasara hiyo tumeiandikia maelezo. Mlango ulikuwa nyuma ya Gatakaa, wazi. Angeweza kuondoka, na chama chake kingebaki Nyambene kama vyama vyote vya kabla yake. Badala yake akaipindua ndoo, akaikalia.

"Sawa," akasema. "Mto nimekosea. Semeni nyinyi basi, niwasikie."

"Manji," wakamwambia kwa pamoja, kama watoto wa chekechea.

"Manji. Na nyinyi huwa mnapata ndoo ngapi?"

Kicheko kikapungua. Sheila akasema, "Nusu ndoo. Siku nyingine tunapata sauti ya mfereji."

"Mimi nikichaguliwa..."

"Ngoja, dada," Mukami akamkata. "Kila anayekuja hapa anatuletea. Wa jana katuletea, wa juzi katuletea. Wewe tangu Januari umeteka maji ukiwa wa pili, ukapita hapa na ndoo imejaa, ikimwagika. Hujawahi hata siku moja kupanga foleni na sisi. Foleni yetu unaijua ina urefu gani?"

Gatakaa hakuijua. Aliinua ndoo yake akaenda zake, na Kirimiri wakadhani wamemmaliza.

Jumatatu saa kumi na moja alikuja na ndoo ile ile, akapita foleni ya Nyambene, akapita ya Kiang'ombe, akasimama mwisho wa Kirimiri, nyuma ya msichana wa Kidato cha Kwanza aliyemtazama kama mtu aliyeshikwa na homa. Jumanne akarudi. Nyambene wakamwita kutoka mbele, "Gatakaa, njoo huku, tumekuwekea nafasi!" Hakwenda. Lenah akamfuata hadi pale alipo, mikono kiunoni.

"Siku hizi umekuwa wa Kirimiri?"

"Napanga foleni tu, Lenah."

"Basi panga. Kura yangu usiihesabu."

Hiyo ilimuuma kuliko vicheko vya Jumapili, kwa sababu Lenah ndiye aliyempisha kitanda chake cha chini alipokuwa na tumbo la safari usiku wa kwanza wa Kidato cha Kwanza. Alibaki pale pale. Jumatano mfereji ulikohoa na kukauka akiwa amebakiza watu wanane. Yeye na wale wanane na wengine nyuma yake wakarudi na ndoo tupu, wakajipangusa kwa kitambaa kilicholoweshwa chai. Njiani Sheila akasema, bila kumwambia yeyote hasa, "Wa mwisho leo si awe wa kwanza kesho? Ni ngumu hivyo?"

Mheshimiwa, hiyo ndiyo ilani yote ya chama. Gatakaa hakuitunga. Aliiokota kwenye foleni, akaiombea ruhusa kwa mwenyewe, Sheila, akaipeleka mabweni yote manne: zamu izunguke, wa mwisho leo ni wa kwanza kesho. Alama ya kitita akaiacha, akachukua ndoo. Jina akapewa na Mukami, aliyeandika kwa mkaa ubavuni mwa ile ndoo ya manjano: CHAMA CHA MTO. Iliandikwa kwa dhihaka. Kufikia Ijumaa hakuna aliyekuwa na uhakika kama bado ni dhihaka.

Kiranja wa lugha alimkamata akisema "manji" kwenye foleni, na kwa kuwa lugha za nyumbani haziruhusiwi shuleni, akamvisha kile kibao cha mbao shingoni kwa siku mbili. Akaenda nacho Kiang'ombe kuomba kura. Wale wa Siakago walikitazama kibao, wakauliza amefanyaje, wakaambiwa. Mmoja akasema, "Huyu wa Mikinduri ameadhibiwa kwa sababu ya Kiembu?" Wakampisha aketi. Kura hawakumpa nyingi, lakini walimpa kiti.

CHANGAMOTO

Kura zilipigwa Ijumaa, wiki mbili zilizopita. Gatakaa aliwatangulia wenzake wote kwa kura za shule nzima. Nyambene alipata tisini na saba, pungufu ya alizotarajia, na tunadhani moja ya zilizokosekana ni ya Lenah. Imenti alivuka robo. Kiang'ombe hakuifikia. Ikabaki Kirimiri, wapiga kura mia moja na hamsini na wawili, ambapo robo ni thelathini na nane.

Alipata thelathini na nane.

Mwalimu Marete alihesabu mara tatu. Tunampenda Mwalimu Marete, na tunasema haya mbele yake kwa sababu hatujui namna ya kumpenda mtu nyuma yake. Alivua miwani, akaifuta, akasema, "Miaka kumi na mmoja nimehesabu kura za shule hii. Kirimiri hawajawahi kumpa mtu wa Nyambene hata tano. Leo wampe robo kamili, isizidi hata moja? Hii imepikwa."

Akabatilisha. Aliandika kwamba Gatakaa aliingiza karatasi za kura kwenye sanduku la Kirimiri. Hakuna aliyemwona akiingiza. Hakuna karatasi iliyozidi. Ushahidi ni kwamba jambo hilo haliwezekani.

Mwalimu Marete ndiye anayetufundisha Hesabu. Ndiye aliyetufundisha, Kidato cha Pili, kwamba kitu ambacho hakijawahi kutokea si lazima uwezekano wake uwe sufuri. Tulilinakili kwenye madaftari na alitia alama ya vyema. Madaftari tunayo.

Mgeni rasmi, safu ya tatu kutoka mbele ameketi mama mwenye kitambaa cha kijani. Ni mama yake Gatakaa. Huchambua na kufunga miraa sokoni Mikinduri. Hakuja kwa sherehe. Aliitwa kwa barua. Alitoka kwake kabla ya mapambazuko na akabadilisha gari mara tatu, na alipofika alimuuliza mlinzi kitu kimoja: "Amemkosea mtu gani?" Mlinzi alishindwa kumjibu, na sisi pia tumeshindwa, kwa sababu hatumjui huyo mtu.

Sasa tunajibu swali lako la Kianjokoma.

Chama hakivuki mto kwa sababu hakuna anayekihitaji ng'ambo. Ufunguo ukiwa kwenye kila bweni, mtu ana haja gani na mgombea wa bweni jingine? Ufunguo ukiwa mmoja kwa wote, angalau watu wanaanza kutazamana. Lakini hata hapo, Mheshimiwa, ufunguo mmoja hautoshi. Januari ulikuwa mmoja, na vyama vikabaki vinne, kila kimoja kikitaka uwe wake. Kilichobaki kilikuwa mtu wa kutoka kwenye foleni ya pili akasimame kwenye ya mwisho, akachekwa, akapoteza rafiki, akakosa maji pamoja na wasiomjua. Tunasikia chama chako kina alama ya mwavuli. Ni alama nzuri. Tunauliza kwa heshima tu kama umewahi kusimama na watu wa Nchiru au Mikinduri, ng'ambo ya mto, mvua ikinyesha.

Na kuna sababu moja zaidi, ambayo tumeijua wiki hizi mbili. Anapotokea mtu akavuka kweli, wenye kuhesabu husema haiwezekani, na humrudisha. Wakimrudisha huyu, mwakani hakuna msichana atakayejisumbua na foleni ya watu wengine. Tutarudi kwenye Kitita na Ndengu na Ndizi na Majani Chai, na Mwalimu Marete atarudi kutafuta mwandiko mzuri.

MAOMBI

Risala nyingi huomba basi. Sisi basi tungelipenda, hatukatai. Lakini leo tuna maombi madogo.

Tunaomba wasichana wa Kidato cha Kwanza wa mwaka ujao wapangwe mabwenini kwa kura ya bahati, bila kuangalia magari yao. Masanduku tutapakia wenyewe. Yakifika Siakago badala ya Maua, tutayafuata.

Tunaomba kile kibao cha lugha kitumike kama kuni. Mama Nthiga amekubali kukipokea.

Na tunaomba, mgeni rasmi, ruhusa ya jambo litakalochukua dakika moja. Tunajua kura ni siri. Lakini siri ni mali ya mwenyewe, na wenyewe wamezungumza wakaamua kuitoa. Wale wa Kirimiri waliompigia Gatakaa kura, tunawaomba wasimame pale walipo. Mwalimu Marete, tafadhali wahesabu, polepole, mara tatu kama kawaida yako. Mukami anayesoma risala hii amekwisha kusimama, kwa hiyo aanze kuhesabiwa yeye. Ukipata thelathini na nane, mwalimu, basi haikupikwa. Ukipata zaidi, tunaomba radhi: wako ambao siku ile waliona haya. Na akisimama mmoja upande wa Nyambene, usimhesabu. Huyo ni Lenah, na ana mazungumzo yake na Gatakaa.

ZAWADI NA SHUKRANI

Mheshimiwa, si desturi mgeni kuondoka Rwanguru mikono mitupu. Miaka mingine tumetoa ndizi, kuku, na mara moja picha ya mgeni iliyochorwa na wanafunzi wa Sanaa, ambayo hatutaizungumzia. Mwaka huu zawadi ni ndogo. Linda atakuletea sasa hivi, kwenye bahasha, jina lako likiwa limeandikwa kwa mwandiko uleule mzuri.

Ni ufunguo wa tangi.

Usishangae. Muda wa Linda unaisha leo saa sita mchana, kwa mujibu wa katiba. Karatasi ya Mwalimu Mkuu inasema ufunguo akabidhiwe mrithi aliyechaguliwa, na Linda ni msichana wa kufuata maandishi. Mrithi aliyechaguliwa yuko kwenye benchi la nje ya ofisi, na barua ya Mwalimu Marete inasema hakuchaguliwa. Linda alifikiri sana, akaona mtu pekee anayeweza kukaa na ufunguo huu bila kuvunja katiba ni mgeni, tena kwa muda mfupi tu. Mfereji unaopaswa kuufungua mbele ya kamera uko nyuma ya kufuli hiyo. Utepe ni wako kukata. Kufuli si yako, wala si yetu.

Kutoka hapa ulipoketi hadi kwenye lile benchi ni hatua arobaini na mbili. Tumezipima. Utapita karibu na safu ya tatu, na yule mama mwenye kitambaa cha kijani atakuwa na furaha kusalimiwa. Kwao wanasalimiana "Muuga," naye atakuitikia vivyo hivyo. Ukikosea matamshi, usiogope. Sisi tunajua mtu aliyekosea neno moja akapata kura thelathini na nane.

Tunakuombea miguu yenye nguvu, safari isiyo na vumbi, na chama chenye watu pande zote mbili za mto. Tunawaombea walimu wetu macho mazuri ya kuhesabu. Tunawaombea wazazi wetu magari yasiyojaa kupita kiasi wakirudi. Na Mungu atulinde sote, na wapishi waanze kupakua mara mfereji utakapolia.

Saa ya ukutani inaonyesha saa sita kasoro dakika nne.

Ni sisi,
Wasichana wa Rwanguru,
mabweni manne, tangi moja.